Njiti za kiberiti zisizoogopa mvua

Jumamosi. Mvua imeanza kabla sijaamka, na sasa adhuhuri imeshapita haijaonyesha dalili ya kuchoka. Bati linapiga kelele hadi mashine yangu ya kushonea siisikii, kwa hiyo nimeacha kushona. Vidole vyangu ni vyekundu, nyumba inanuka mshumaa, na hasira niliyoamka nayo leo, kwa mara ya kwanza, imenifaa kwa kazi.

Ngoja nieleze tangu mwanzo. Nikiandika ovyo ovyo nitajikuta namtukana mume wangu hapa hadharani, na baadhi ya wanaosoma blogu hii ni mashemeji zangu.

Jumatatu Ramazani anaondoka na gari. Ni lori la tajiri wake, patro kama tunavyomwita huku. Analipeleka kutoka hapa Kolwezi hadi vijiji vya kaskazini na simenti, chumvi na sabuni, anarudi na mahindi na samaki wakavu. Lami inaisha mapema. Baada ya lami ni udongo, na msimu huu udongo umekuwa uji. Safari iliyopita gari lilikwama, akanyeshewa, akarudi na homa ya mapafu. Alilazwa. Nilimwona mume wangu, mtu anayebeba mfuko wa simenti kwa mkono mmoja, akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba baridi kama ile ikimpata tena kabla mapafu hayajapona vizuri, hawaahidi kitu.

Mimi sitaki aende. Nimesema, nikarudia, nikalia.

“Mama Furaha,” akaniambia, “gari haiwezi kulala paka mvua inaisha. Nikibakia hapa, patro atatia mutu ingine ku volan, na shiye tutakula nini?”

Furaha ni binti yetu mkubwa, na wadogo zake wawili wanamfuata. Watatu wote wanakula vizuri sana, Mungu awabariki. Mtu akikosa jibu hukasirika, nami nikakasirika hadi chai ikapoa.

Basi. Kama lazima aende, ataenda na moto.

Nasema moto kwa sababu Kalenga, msaidizi wake wa gari, alinieleza yote pale uani hospitalini. Ramazani mwenyewe hasimulii. Ukimuuliza safari ilikuwaje, atakwambia barabara mbaya, kisha ataomba chumvi. Kalenga ndiye aliyeniambia kwamba hawakukosa kitu mle garini. Kila dereva wa huku anabeba mbabula yake, lile jiko dogo la makala, yaani makaa, na kiroba cha makala nyuma ya kiti. Unga walikuwa nao. Sufuria, majani ya chai, sukari, vyote. Kilichokosekana ni njiti moja kavu. Kiberiti kilikuwa ndani ya mfuko wa shati la Ramazani, na shati lilikuwa linachuruzika. Kile kiberiti cha gesi cha plastiki nacho kilikuwa kimelowa. Alizungusha kigurudumu chake hadi ngozi ya dole gumba ikachubuka. Wakakaa ndani ya gari, watu wazima wawili wenye chai na makala, wakitetemeka hadi asubuhi.

Na shati lililowaje? Hapo ndipo hasira yangu inapokaa.

Madereva wetu wana ada yao. Gari likizama, unashika beleshi. Unachimba kwanza, mvua inyeshe isinyeshe. Moto ni wa baadaye, wa watu walioshindwa. Ukiwasha jiko kabla hujachimba, madereva wengine wakipita watakucheka, watasema huyu ameshatandika, huyu ni dereva wa kulala. Na jina hilo likikushika mji wa Fungurume, litakuwa limekusubiri Kolwezi kabla hujafika. Kwa hiyo mume wangu alichimba. Alichimba jioni nzima, jasho ndani, mvua nje, ili mtu asiyemjua asimwite dereva wa kulala. Alipokuja kukumbuka moto, giza lilikuwa limeingia na hakuna kilichokuwa kikavu, hata yeye.

Wanaume! Naomba nisiendelee na hoja hiyo.

Jana asubuhi nikakaa na simu, nikatafuta namna ya kufanya njiti za kiberiti zisiharibiwe na maji. Kumbe ni jambo linalowezekana, na watu wanalifanya nyumbani. Nilipata ukurasa wa Kifaransa. Ulisema uchovye kichwa cha njiti ndani ya “cire”, uache ikauke. Nikafurahi. Nikaona jambo lenyewe dogo hivi, na kitu chenyewe ninacho chini ya kitanda.

Sasa niwaeleze wasomaji wa mbali. Mtu aliyekulia hapa Musonoi, mtaa wetu wa Kolwezi, akiona neno hilo hajiulizi mara mbili. Sire ni ile ya kopo, nyekundu, ya kupaka sakafu ya simenti siku ya Jumamosi. Unaipaka kwa kitambaa, unaiacha kidogo, halafu unasugua kwa mguu, huku na huku kama mtu anayecheza, hadi sakafu ing'ae na mtoto wa kwanza kuingia ateleze. Mama yangu aliipaka, mimi naipaka, Furaha anaipaka huku akinung'unika. Kwetu hakuna sire nyingine.

Nikafungua kopo. Nikachovya njiti moja moja, kwa adabu, kiberiti kizima. Nikazipanga juu ya gazeti.

Ramazani akapita, akasimama, akatazama. “Alimeti inaenda ku feti?” akauliza, yaani njiti zinaenda kwenye sherehe?

Nilikuwa bado sisemi naye.

Zile njiti hazikukauka. Nilizisubiri hadi jioni, nikazisubiri hadi leo asubuhi, nazo zikabaki zinang'aa na kunata. Nikachukua moja nikaipiga. Kichwa kikasagika ubavuni mwa boksi, kikaacha mstari mwekundu. Ya pili vilevile. Nilipofika ya tano, boksi lilikuwa limepakwa kama mdomo wa bibi harusi, na moto hata dalili. Nikakaa chini kwenye kigoda nikajiona mjinga mkubwa kuliko wote wa mtaa huu.

Wakati huohuo akaingia Mama Kyungu, jirani yangu, kukopa bizari. Ni Mkatoliki wa kutoka upande wa Kabalo, mwenye sauti ya kuimba hata akiuliza saa.

“Mama Furaha! Uko unafanya nini? Mikono yako njo kama mutu alichinja kuku!”

Nikamweleza. Nikamwonyesha simu. Akasoma, akanitazama, akalitazama kopo la sakafu, akarudi kusoma. Halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika mlango, akaacha mlango akashika tumbo.

“Mama, hii haina sire ya kupakala chini! Ni sire ya nyuki! Ya buji! Weye unataka alimeti ingae, bwana yako ajitazame mule?”

Nta. Walikuwa wanasema nta! Nta ya nyuki, nta ya mshumaa. Kwa Kifaransa zote ni neno moja, na mimi nikaenda kuzipaka njiti dawa ya sakafu. Baadaye nilisoma ubavuni mwa kopo, kwa maandishi madogo, kwamba mle ndani mna mafuta ya kuyeyushia. Ndiyo yaliyolainisha vile vichwa hadi vikawa tope.

Nilicheka pia. Sikuwa nimecheka tangu hospitali, na nilipoanza nikaona machozi yanakuja pamoja na kicheko, nikayafuta na mkono, nikajipaka wekundu usoni. Mama Kyungu akaacha kucheka. Akanishika bega, akasema, “Njo tufanye muzuri sasa.” Akatoka mvuani, akarudi na mishumaa miwili chini ya kitenge chake. Bizari aliisahau.

Sasa naandika namna tulivyofanya, kwa sababu najua si mimi peke yangu niliye na mtu barabarani.

Tulikatakata mshumaa ndani ya kopo tupu la nyanya. Kopo tukaliweka ndani ya sufuria yenye maji, na sufuria juu ya mbabula. Usiliweke kopo moja kwa moja juu ya makala. Nta ikipata joto kali inashika moto yenyewe, na hapo utakuwa umepata moto usioutaka. Ikishayeyuka na kuwa kama maji, unashika njiti kwa mkia, unachovya kichwa na shingo, unatoa upesi. Ukichelewa inatoka na donge. Nta ikianza kupoa, nayo inatoka na donge. Tulipata madonge mengi kabla ya kupata mkono.

Swali likawa zikaukie wapi bila kugusana. Mama Kyungu alitaka mchanga, lakini leo mchanga wa Musonoi wote ni matope. Nikakumbuka bukari ya jana, ile iliyobaki imeshikana ndani ya sahani. Ugali uliolala ni mgumu, unashika. Tukachomeka njiti moja moja, mikia chini, vichwa juu, tukazichovya mara ya pili zilipopoa. Sahani ikajaa njiti zimesimama, na mtoto wangu wa mwisho akauliza kama ni keki.

Katikati ya kazi, mgodi wa jirani ukalipua mwamba kwa baruti. Huku tumeshazoea, madirisha yanatikisika na mazungumzo yanaendelea. Lakini safari hii sufuria ilitikisika, kopo likaegemea, nta ikataka kumwagika kwenye makala. Mama Kyungu akalidaka kopo kwa kitenge chake. Kitenge sasa kina doa la nta ambalo pasi moto na karatasi vitalitoa. Nimemwahidi kulitoa mwenyewe.

Halafu jaribio. Sikutaka kujidanganya. Nilichukua njiti chache nikazitupa ndani ya ndoo ya maji, nikaziacha humo wakati nachambua mboga. Nikazitoa, nikazifuta, nikatoka nazo hadi chini ya ukingo wa bati ambapo mvua inarusha vitone. Nikapiga.

Hakuna.

Nikapiga tena. Hakuna. Ya tatu ikaacha tu alama ya nta. Nilitaka kuitupa ndoo na sahani na ile mvua yenyewe, kama ingeshikika. Nilisimama pale nikasema kwa sauti: Mwamini, hutarudi ndani mpaka moja iwake. Mwamini ni mimi.

Nikaitazama ile njiti vizuri. Kichwa chake kilikuwa kizima, kigumu, kikavu chini ya nta. Njiti haikuwa na kosa. Nikatazama boksi mkononi mwangu. Ubavu ule wa kupigia ulikuwa umelowa kwa vitone, umelainika, unachanika. Nilikuwa nimeivisha njiti koti la mvua, na boksi nikalitoa uchi! Na zaidi ya hapo, sikuwa nimekwangua nta pale nchani kabla ya kupiga.

Nikarudi ndani, nikachukua boksi jipya, nikaukata ubavu wake kwa mkasi wa kushonea, nikaufunga ndani ya kipande cha plastiki. Nikatoka. Nikakausha kiganja kwa nguo, nikautoa ule ubavu ndani ya plastiki, nikakwangua nta ya nchani kwa ukucha, nikapiga.

Iliwaka. Na haikuwaka kama njiti ya kawaida inayokufa kabla hujaisogeza. Nta yenyewe ikaungua polepole pamoja na mti, moto ukakaa, ukanipa muda wa kuitazama. Nilipiga kigelegele peke yangu chini ya bati. Mama Kyungu, aliyekuwa ameshavuka kwenda kwake, akanijibu kutoka ng'ambo ya ukuta bila kujua sababu.

Zote sasa nimezitia ndani ya chupa ya dawa yenye kifuniko cha kuzungusha, vipande viwili vya ubavu wa boksi pamoja nazo, vikiwa ndani ya plastiki yao. Nimezungushia uzi mwekundu ili aitambue hata kwa kupapasa kwenye giza la gari.

Nikaenda kumpa.

Alikuwa amekaa barazani akitazama mvua kwa jicho la dereva, yaani anatazama mvua ya hapa na kufikiri udongo wa kule. Nikamweleza yote, ndoo, kucha, plastiki. Akafungua, akafunga, akatikisa. “Muzuri,” akasema. Kwa Ramazani hilo ni neno refu. Nikamwambia bado sijamaliza. Njiti peke yake haisaidii kitu kama itakaa ndani ya chupa huku wewe unachimba ndani ya mvua. Nataka uniahidi. Gari likizama, moto kwanza, beleshi baadaye.

“Inshallah,” akasema.

Nina miaka ya kutosha ndani ya ndoa hii kujua inshallah zake. Iko ya kweli, anayoisema akiinamisha kichwa. Na iko hii ya kuufunga mlango kwa upole, anayoisema akitazama pembeni. Nikamwambia, “Tata Furaha, Mungu nitamwomba mi mwenyewe. Sasa niko nakuuliza weye.”

Mvua ikaendelea. Nikadhani atainuka aende, kama kawaida yake, nami nilikuwa nimeshajiandaa kumfuata hadi msikitini ikibidi.

Hakuinuka. Akasema, polepole, na kifua chake bado kinapiga kidogo akiongea sana, kwamba siku ile hakuchimba kwa ajili ya madereva wengine. Nani angepita katika mvua ile? Hapakuwa na mtu.

“Nilichimba juu niliogopa kuikala chini bure,” akasema. “Nikiikala, nitawaza. Niliwaza nitafia pale, na mutu mwenye hakujue jina yako njo atakupigia simu. Niliogopa, Mama Furaha. Mi niliogopa mubaya.”

Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Si alipozikwa baba yake, si siku gari la mwenzake liliporudi limepinduka. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikaishika yake, myekundu juu ya mikubwa.

Baada ya muda akautoa mkono, akachukua njiti moja na kipande cha ubavu wa boksi, akashuka ngazi hadi uani, kichwa wazi, kabla sijaweza kumkataza. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi ile. Alikwangua nta, akaidondosha, akarudi kutoa nyingine. Akainama ili mgongo uzuie mvua. Ikawaka. Akaigeukia nyumba, akiwa ameikinga kwa viganja, akanionyesha.

“Moto kwanza,” akasema. “Unasikia? Moto kwanza. Narudi.”

Nilimvuta ndani kwa shati, nikamkemea, nikamkausha kichwa kwa taulo kama mtoto, naye akakubali. Sasa amelala na chupa iko ndani ya buti lake ili asiisahau. Mimi naandika. Bado sitaki aende, na Jumatatu asubuhi nitakuwa bado sitaki. Nitakuwa nimemwekea shati la pili ndani ya plastiki na soksi za sufu, na nitamwambia Kalenga mbele yake kile alichoniahidi, ili kiwe na shahidi.

Lakini hasira imeniishia. Siku zote hizi nilidhani nyumba hii ina mtu mmoja tu anayetaka Ramazani arudi. Kumbe tuko wawili.